Nani Kaoa, Nani Kaolewa

Asubuhi moja, kwenye zahanati ambayo sitaitaja, nilijaziwa fomu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya dirisha la kadi. Iliuliza "Jinsi", ikaweka viboksi viwili, Me na Ke. Ya pili ilikuwa ya mradi wa lishe uliopanga meza yake chini ya mwembe. Iliuliza "Jinsia", ikaweka viboksi vile vile viwili, Me na Ke. Nikamuuliza kijana wa mradi tofauti ni nini. "Ile ya Serikali, mzee," akanijibu bila kuinua uso, "hii ya wafadhili."

Jibu lake limenikaa kichwani kuliko semina zote nilizowahi kuketi. Ndiyo maana nimewakalisha watu wanne kwenye baraza moja hapa Tanga, baada ya sala ya alasiri, wagombane. Baraza lenyewe ni la karatasi. Watu hao hawapo. Maneno yao yapo, nimeyaokota misibani, kwenye foleni za daladala na kwenye hizo semina, nikayagawia vinywa vinne. Mwalimu ni mstaafu wa somo la Kiswahili. Mkunga, naye mstaafu, alianza kazi Tarime akamalizia hapa hapa. Wakili ni mtoto wa kaka yake Mkunga, Mdigo wa upande wa Kwale, anafanya kazi Nairobi na amekuja kumjulia hali shangazi yake. Shehe ndiye wanayemwita mtaa mzima mirathi ikigoma, na ana tabia ya kunyamaza mpaka kahawa iishe.

MWALIMU: Tuanze na neno, maana watu wanagombania nyumba bila kuuliza hati. "Jinsi" lilitufikia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya aina, namna. Ndiyo maana mpaka leo unasema jinsi ya kupika biriani, na hakuna anayefunua sufuria kuangalia kama biriani ni dume au jike. "Jinsia" nalo limetoka huko huko. Nenda Maskati kwa jamaa zetu wanaosema Kiswahili nyumbani na Kiarabu ofisini: karani wa kule akikuuliza jinsia yako kwa Kiarabu, anataka pasipoti. Kwao hilo ni neno la uraia. Sisi tulikuwa nayo yote mawili, tukiyatumia kwa kupokezana, na hakuna aliyelalamika.

WAKILI: Shikamoo Mwalimu. Walilalamika, ila hawakuwa na neno la kulalamikia.

MWALIMU: Marahaba. Ngoja nimalize. Ukaja mkutano wa Beijing wa 1995, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Gertrude Mongella, mama wetu wa Ukerewe. Miaka hiyo semina zikamwagika kama mvua ya masika, na kila semina ina mkasi: jinsi iwe ya mwili, jinsia iwe ya mambo ambayo jamii imempangia mwanamke na mwanamume. Tanzania tukakubali kukata, angalau kwenye makaratasi. Kenya wao hawakukata. Jinsia yao inabeba yote. Sasa neno lililokatwa upande mmoja wa mpaka na kuachwa zima upande wa pili, mimi silipi cheo cha ukweli. Ni istilahi tu.

WAKILI: Na mimi nakupa mfano wa hasara ya kutokata. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 27 na ya 81, inasema vyombo vya kuchaguliwa visizidi theluthi mbili za watu wa jinsia moja. Tumeshindwa kuitekeleza miaka yote hiyo, hadi Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge kwa sababu hiyo. Halikuvunjwa. Lakini angalia neno: katiba inasema jinsia, halafu inahesabu miili. Ukijaza theluthi ya Bunge wanawake wanaopiga kura kama walivyoelekezwa na waume zao na vyama vyao, hesabu ya jinsi imetimia na ya jinsia haijaguswa. Hapo mkasi wako ungetusaidia, Mwalimu.

MWALIMU: Mkasi si wangu.

MKUNGA: Wala si wangu. Mimi nimezalisha watoto nimepoteza hesabu, na sijawahi kuona aliyetoka ameshika jembe au mwiko. Hilo nakubali. Lakini pia sijaona mama aliyeniuliza "jamii itampangia nini?" Anauliza mtoto gani. Nami natazama, najibu. Mwanangu, ninyi wasomi mnaongea kana kwamba mwili ni kanga, leo unajitanda, kesho unaianika. Damu ya hedhi si semina. Uchungu si semina. Mama aliyevuja damu saa nane za usiku, gari halipo, humwokoi kwa istilahi.

WAKILI: Hakuna anayekana hayo, shangazi. Lakini baada ya kutazama na kujibu, kinafuata nini? Kwa Wakikuyu, Jomo Kenyatta ameeleza katika kitabu chake cha 1938, mtoto wa kiume alipokewa kwa vigelegele vitano, wa kike vitatu. Mwili umeonekana mara moja tu. Vile viwili vilivyopungua vimetoka wapi?

MKUNGA: Vimetoka kwa wapigaji.

WAKILI: Basi hivyo viwili ndivyo ninavyoviita jinsia.

Nakiri kwamba hapa nilitaka mjadala uishie, kwa sababu sijasikia maelezo mafupi kuliko hayo. Vigelegele viwili vilivyopungua. Lakini Mkunga hakuwa amemaliza, na Mwalimu alikuwa na jambo chini ya kofia yake.

MWALIMU: Mnajua huo mkasi ulifuliwa na nani? Kwa Kiingereza neno hili la jinsia lilikuwa zaidi neno la sarufi, la ngeli za lugha kama Kifaransa, ambako meza ni ya kike na kitabu ni cha kiume. Mwaka 1955 mtaalamu wa saikolojia John Money, mzaliwa wa New Zealand aliyefanya kazi Johns Hopkins kule Baltimore, akalihamisha kutoka kwenye sarufi akalivisha watu. Alikuwa akichunguza watoto waliozaliwa na maumbile ambayo hayasemi waziwazi kama ni ya kiume au ya kike. Akahitaji jina la kile anachokuwa mtu kwa kulelewa, mbali na kile alichozaliwa nacho.

MKUNGA: Na aliishia wapi? Sema, Mwalimu, usituachie njiani. Mimi kisa chake nilikisoma nikakosa usingizi. Kule Kanada, Winnipeg, mwaka 1965 walizaliwa pacha wa kiume. Mwaka uliofuata walipelekwa kutahiriwa kwa kifaa cha umeme, na mmoja akaunguzwa uume ukaharibika wote. Wazazi wakampeleka kwa huyo Money. Akawaambia mleeni kama msichana, mtoto mdogo hufuata malezi. Wakamfanyia upasuaji, wakampa jina la kike, wakamvika magauni. Money akaandika kwamba jaribio limefaulu. Mtoto mwenyewe alikuwa akirarua magauni. Alipofika miaka kama kumi na minne baba yake akamweleza ukweli, naye akarudi kuwa mwanamume, akajiita David. David Reimer. Alioa. Mwaka 2004 alijiua, ana miaka 38. Pacha wake alikuwa amemtangulia. Sasa niambieni, aliyewaletea neno ndiye huyu?

Palikuwa na kimya. Wakili alikoroga kahawa isiyo na sukari.

WAKILI: Kisa nakijua, shangazi, na sikikimbii. Lakini fundi wa nyundo akimpiga mtu nayo, hatuachi kupigilia misumari. Money alikosea alipodhani kwamba kwa kuwa jinsia hujengwa, basi daktari anaweza kuijenga apendavyo, juu ya mwili wowote, kwa siri, bila mwenye mwili kuulizwa.

MKUNGA: Alikosea zaidi ya hapo. Alidhani mwili hauna la kusema.

WAKILI: Nakubali.

MKUNGA: Rudia.

WAKILI: Nimekubali, shangazi. Mwili una la kusema. Lakini si kila linalosemwa ni la mwili.

Mimi mwandishi niseme langu hapa, kwa kuwa baraza ni langu. Semina nyingi nilizohudhuria zilifundisha jinsi na jinsia kama jedwali la safu mbili: kushoto yasiyobadilika, kulia yanayobadilika. Kuzaa kushoto, kupika kulia, chai saa nne. Kisa cha Reimer kinachana jedwali hilo, kwa sababu alichokikataa yule mtoto kilikuwa cha kulia, magauni na wanasesere, na aliyekikataa alikuwa wa kushoto. Safu zinaongea. Lakini kutokana na hilo kuna watu wanarukia hitimisho kwamba basi kila kitu ni cha kushoto, kwamba mwanamke amezaliwa na mwiko mkononi. Hao ndio wanaonichosha zaidi, kwa sababu hawajawahi kutembea mjini macho wazi.

Tembea Barabara ya Kumi na Mbili hapa Tanga. Nguo za nyumbani anashona nani? Mke. Sasa hesabu waliokaa kwenye vyerehani kwenye vibaraza vya maduka: wanaume watupu. Nguo za nyumbani anafua nani? Lakini dobi, tangu Pwani hii iwe na dobi, ni mwanamume. Mchele nyumbani anapika nani? Na kwenye harusi ya watu 500, anayesimama juu ya sufuria la pilau na mwiko mrefu kama kasia ni nani? Wakati wa ukoloni Tanganyika, mtumishi wa ndani, wa kupika, kupangusa na kutandika kitanda, alikuwa kwa kawaida mwanamume. Ndiyo maana lugha ikabaki na neno "boi". Leo ukisema mtu anatafuta mfanyakazi wa ndani, kichwani anakujia binti wa miaka 17. Miili haijabadilika kati ya 1930 na leo. Mishahara ndiyo iliyobadilika, pamoja na njia nyingine ambazo wanaume walizipata za kutafuta riziki.

Au shuka ufukweni. Katika vijiji vingi vya Unguja, maji yakipwa wakati wa bamvua, wanawake walikuwa wakitembea juu ya mwamba na fimbo kutafuta pweza kwenye mashimo, na wanaume wakizamia kina kirefu na mikuki. Ukiuliza, unaambiwa ndivyo Mungu alivyopanga, mwanamke hana pumzi ya kuzamia. Pweza alipoanza kununuliwa na makampuni yanayomsafirisha nje, bei ikapanda, na wanaume wakaonekana nao wakitembea juu ya mwamba ule ule wa wanawake. Mwani ukaenda mkondo wa pili: kilimo chake cha biashara kilipoanza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, baadhi ya wanaume walijaribu, wakaona malipo madogo kwa mgongo unaouma hivyo, wakauacha. Sasa ni kazi ya wanawake. Nani alisema mwani una jinsi?

MWALIMU: Umetoa hotuba, sasa turudi barazani. Nami nakupa zawadi, Wakili, ingawa hoja itaniumiza mwenyewe. Lugha yetu ni mpole sana katika jambo hili. "Amekuja." Nani, wa kike au wa kiume? Hujui. Mwingereza hawezi kumaliza sentensi mbili bila kukuambia, Mwarabu hata kitenzi chake kinakuambia. Sisi mtu ni mtu, ngeli ya M-WA inamchukua mwanamume, mwanamke, mbuzi na malaika. Lakini ikifika ndoa, upole unakwisha. Mmoja anaoa, mwingine anaolewa. Kitenzi kimoja, mmoja mtenda na mmoja mtendwa. Na mtoto wa kike akisema "nimeoa" darasani, darasa zima linacheka.

WAKILI: Asante, kwa sababu nilikuwa nakitafuta hicho kitenzi. Mwaka 2011 Mahakama Kuu, na ilikuwa Mombasa wala si mbali, iliamua shauri la mirathi ya bibi mmoja wa Kinandi. Bibi huyo hakuwa na mtoto. Kwa mila ya Kinandi alimtolea mahari mwanamke mwingine, akamwoa. Si kwa mapenzi ya kimwili. Mke yule alizaa na mwanamume wa nje, na watoto wakawa wa bibi, wa ukoo wake, warithi wake. Bibi alipofariki, ndugu wakadai. Mahakama ikasema mke na watoto wale ni warithi halali kwa mila. Na wanaanthropolojia walioishi na Wanandi wameandika kwamba bibi wa namna hiyo alihesabiwa mume kwelikweli: watoto humwita baba, kazi za jikoni anaziacha. Hakuna hata Mnandi mmoja aliyedhani mwili wake umebadilika. Sasa Mwalimu, katika sentensi hiyo kitenzi gani utatumia?

MWALIMU: Kaoa.

WAKILI: Kwa hiyo kuoa kunahitaji mwili wa kiume?

MWALIMU: Nilikwambia hoja itaniumiza.

WAKILI: Kwa hiyo wazee wetu hawakungoja Beijing wala Baltimore. Walijua kwamba "mwanamume" ni mwili na "mume" ni kiti, na kwamba kiti kinaweza kukaliwa na mwingine ikibidi.

MKUNGA: Uzuri ulioje ukisimuliwa na wakili. Mimi nimefanya kazi Tarime. Wakurya nao wana yao, nyumba ntobhu. Mama mwenye ng'ombe asiye na mtoto wa kiume anatoa mahari, analeta binti amzalie nyumba isife. Wapo walioishi vizuri, siwezi kusema uongo. Bibi mpole kuliko waume wengi niliowaona, hakuna kipigo. Lakini wale mabinti waliokuja kujifungua kwangu, wengi walikuwa watoto wa maskini. Ng'ombe walikwenda kwa baba. Mwanamume wa kuzaa naye, wengine walichaguliwa. Hicho kiti cha mume unachokisifu, aliyekikalia alikuwa mwanamke, na aliye chini yake alikuwa chini vile vile. Kubadilisha aliyekaa hakujabadilisha kiti.

Nimeandika hayo ya Mkunga nikayasoma mara tatu. Wakili naye, nadhani, alinyamaza kwa sababu ile ile. Kwa vitabu vya Wakili, Mkunga alikuwa amesimama upande wa mwili tangu mwanzo. Kumbe ndiye aliyesema neno kali zaidi kuhusu jinsia kuliko wote. Na sheria haimtambui yule binti: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataka mwanamume na mwanamke, kwa hiyo akifukuzwa na watoto wake hana talaka ya kudai.

WAKILI: Sheria hiyo hiyo, shangazi, inamruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na mvulana 18. Mahakama Kuu ya Tanzania ilisema mwaka 2016 kwamba hilo linakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Niulize swali la ubishi: hiyo tofauti ya miaka mitatu ni ya mwili au ya kwetu?

MKUNGA: Watu walikuwa wakiniambia ni ya mwili. Binti hupevuka mapema, ndivyo wanavyosema, ameshavunja ungo, unangoja nini? Sasa nikuambie mwili unasemaje, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiusikiliza. Nyonga ya binti wa miaka 15 bado inakua. Kichwa cha mtoto kinakwama. Anakaa na uchungu siku mbili, tatu, nyama kati ya njia ya uzazi na kibofu inakosa damu, inakufa, inatoboka. Mtoto anazaliwa amekufa na mama anabaki anavuja mkojo, mume anamrudisha kwao. Hiyo ndiyo fistula. Ungesikiliza mwili peke yake, ungempa msichana miaka mingi kuliko mvulana, maana mvulana hatoi kichwa cha mtu kwenye nyonga zake! Sheria ilivaa kanzu ya mwili, ndani ni sisi.

MWALIMU: Duh.

MKUNGA: Usiseme duh. Andika.

Shehe alikuwa amemaliza kikombe cha tatu.

SHEHE: Nimewasikia tangu mwanzo mnasema Me na Ke, mwili una mawili, jamii ndiyo inaongeza. Mbona vitabu vyetu vya fikihi vina la tatu? Huntha. Na akishindikana kabisa kujulikana, anaitwa huntha mushkil. Wanazuoni wamemwandikia milango yake mamia ya miaka iliyopita. Wanaanza na mwili: haja ndogo inatokea wapi. Haikubainisha, wanangoja balehe, waone dalili. Haikubainisha, bado anaswali, na safu yake ipo, nyuma ya wanaume na mbele ya wanawake. Bado anarithi. Katika madhehebu yetu ya Shafi unapiga hesabu mara mbili, kama mwanamume na kama mwanamke. Yeye na warithi wenzake kila mmoja anapewa kile kilicho cha yakini, na kilichobaki chenye shaka kinasimamishwa mpaka mambo yabainike au wasuluhishane.

WAKILI: Kinasimamishwa? Hakigawiwi?

SHEHE: Kinawekwa. Ni fungu la shaka.

WAKILI: Shehe, Kenya tumechukua hadi 2019 ndipo sensa ikahesabu watu hao, na waliojitaja ni 1,524 kati ya watu milioni 47 na zaidi. Mwaka 2014 Mahakama Kuu Nairobi ilishughulikia kesi ya mtoto ambaye hospitali ilimwandikia alama ya kuuliza kwenye nafasi ya jinsi. Alama ya kuuliza! Sheria ya Watoto ya 2022 ndiyo imewataja na kuwakinga wasikatwekatwe ovyo.

SHEHE: Alama ya kuuliza si mbaya. Ni mbaya ikiwa haina fungu.

MWALIMU: Lakini Shehe, huyo huntha anathibitisha hoja ya nani? Ya Mkunga au ya mtoto wake?

SHEHE: Hakuzaliwa kuthibitisha hoja ya mtu.

Ningependa kuongeza jambo moja juu ya hilo, kwa kuwa siku hizi mahali ambapo mwili unahojiwa kwa ukali kuliko mahakamani ni uwanja wa riadha. Fainali ya mita 800 za wanawake, Rio, 2016: dhahabu Caster Semenya wa Afrika Kusini, fedha Francine Niyonsaba wa Burundi, shaba Margaret Wambui wa Kenya. Wote watatu, waliozaliwa na kulelewa kama wasichana, walikuja kukutana na kanuni za shirikisho la riadha duniani kuhusu kiwango cha homoni ya testosteroni. Niyonsaba alikataa dawa, akahamia mbio ndefu ambako kanuni ilikuwa haijafika, na mwaka 2021 akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000. Mwaka 2023 kanuni ikamfuata huko huko, ikaenea kwenye mashindano yote. Mwaka 2025 kikaongezwa kipimo cha jeni. Sina ugomvi na shirikisho kutaka mstari kati ya mbio za wanawake na za wanaume. Bila mstari wanawake hawana mbio, na mstari huo hauwezi kuwa kitu kingine ila mwili. Ugomvi wangu ni kwamba kila mstari ulipochorwa, mwili wa mtu fulani ulikuwa umelala juu yake, na huyo mtu aliambiwa habari za mwili wake na magazeti. Fungu la shaka halikuwekwa. Liligawiwa siku hiyo hiyo.

MKUNGA: Nami nina langu la hilo. Sikutaka kulisema.

WAKILI: Sema, shangazi.

MKUNGA: Usiku mmoja wa mvua nilimpokea mtoto, nikatazama, sikujua. Miaka yangu yote ya kazi, na sikujua. Mama yake akaniuliza, "Mtoto gani?" Nikamwambia, "Mtoto mzima, analia." Ilikuwa kweli. Kwenye daftari la uzazi, penye jinsi, nikapiga mstari. Asubuhi karani akanifuata. Daftari halikubali mstari, anasema, hesabu za mwezi hazitafunga. Nikamwambia ngoja daktari aje Jumatatu. Jumatatu nilipofika, pameandikwa Me.

MWALIMU: Daktari alikuja?

MKUNGA: Hakuja. Karani aliandika mwenyewe. Hakumwona mtoto hata ukucha. Nikamuuliza, umejuaje? Akasema, "Nimempa Me, baba yake atafurahi."

WAKILI: Kwenye nafasi ya jinsi.

MKUNGA: Kwenye nafasi ya jinsi.

SHEHE: Yuko wapi sasa?

MKUNGA: Yuko hapa hapa mjini. Anaendesha bajaji. Anamtunza mama yake, ameshamwezekea na bati. Akinikuta barabarani hanitozi nauli.

WAKILI: Kwa hiyo alikuwa nani, mwanamume au mwanamke?

MKUNGA: Si nimekwambia? Anaendesha bajaji.